Je, Soko Lina Akili?

Maneno haya husikika kila siku katika nchi yetu ya Mara. Mvuvi wa Musoma aliyerudi nyumbani na fedha kidogo husema, "Leo soko limenikataa." Mkulima wa pamba wa Bunda, akiulizwa habari za msimu, husema, "Tunangoja tusikie soko litasemaje." Na mwenye ng'ombe wa Butiama, akimrudisha fahali wake jioni kutoka mnadani, husema kwamba soko halikumtaka. Tukiyasikiliza vema maneno hayo, twaona kwamba twalinena soko kana kwamba ni mtu: lakataa, lasema, lataka, lachukia. Tena twamwogopa mtu huyo, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumwona uso.

Basi katika makala hii twataka kuuliza swali moja tu. Je, soko ni kitu chenye akili, chenye kujua na kutenda kwa nia yake? Au ni jina tu, nasi tumelivika nguo za mtu?

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya wanafalsafa, wala hayamhusu mtu wa kijijini. Sivyo. Kama soko lina akili kupita sisi, imetupasa kunyamaza na kutii kila bei, kama mtoto amtiivyo baba yake. Na kama halina maarifa yoyote ndani yake, basi mwenye mamlaka aweza kuliondoa na kuweka amri yake mahali pake, wala hapatakuwa na hasara. Watu wa Mara wameziona njia hizo zote mbili kwa macho yao, na gharama yake wameilipa wenyewe. Kwa hiyo tutalijibu swali letu kwa kuitazama historia ya nchi yetu.

Kwanza tukubaliane akili ni nini. Twasema mtu ana akili kwa alama tatu. Ya kwanza, anajua: ameona mambo, ameyapima, na huyakumbuka. Ya pili, anataka: ana nia, na matendo yake huifuata nia hiyo. Ya tatu, anajibu: ukimwuliza kwa nini umefanya hivi, aweza kutoa sababu, na ikiwa amekosa aweza kuchukua lawama. Tulipime soko kwa alama hizo, moja baada ya moja.

Soko na kujua

Twende kwanza kwenye mialo ya Musoma. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, na siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Dagaa hukusanyika penye mwanga, na wavuvi huwazungushia wavu. Lakini mbalamwezi ikiwa kali, ziwa lote lina mwanga, na dagaa hawana sababu ya kuifuata taa. Kwa hiyo kila mwezi zipo siku za kazi, ambazo wavuvi huziita giza, na zipo siku za kukaa nchi kavu na kushona nyavu. Tena dagaa lazima waanikwe. Mvua ikinyesha wakiwa mchangani, huoza, na kazi ya usiku mzima yapotea asubuhi moja.

Sasa mfikirie mama mchuuzi katika soko la Bunda, ambaye hajakanyaga mwaloni mwaka mzima. Hajui mwezi uko siku ya ngapi, wala hajui kama mvua imenyesha Musoma. Lakini akiuliza bei ya debe la dagaa na kuambiwa kwamba imepanda, mara moja hujua la kufanya. Atanunua kidogo, atapunguza kipimo, atawaambia wateja wake wale mboga za majani mpaka wiki ijayo. Amefanya kile ambacho angefanya kama angalikuwa ameiona mbalamwezi kwa macho yake. Habari za mwezi, za mvua, za nyavu na za bei ya mafuta zimemfikia zote pamoja, zikiwa zimefungwa ndani ya tarakimu moja.

Wenye pamba nao wanalo jambo kama hilo, tena kubwa zaidi. Mwaka 1950 vita vilianza katika nchi ya Korea, na nchi kubwa zikaanza kununua na kuweka akiba ya vitu vingi, pamba mojawapo. Bei ya pamba ilipanda duniani kote, nayo nchi yetu ya ziwani haikuachwa. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1861 na 1865, Wamarekani walipopigana wao kwa wao, viwanda vya Uingereza vilikosa pamba ya Marekani, na wakulima wa Misri na wa Bara Hindi wakazidisha mashamba yao. Wakulima hao hawakuletewa barua na mtu. Waliletewa bei.

Wataalamu wameliona jambo hili siku nyingi. Mskoti mmoja, Adam Smith, aliandika mwaka 1776 kwamba mtu atafutaye faida yake mwenyewe huongozwa, kana kwamba kwa mkono usioonekana, hata akaleta manufaa ambayo hakuyakusudia. Na mwaka 1945 Friedrich Hayek, mtu aliyezaliwa Vienna, alieleza kwamba maarifa ya uchumi hayakai mahali pamoja. Yametawanyika, kila mtu ana kipande chake kidogo, na bei ndiyo iviunganishayo vipande hivyo bila mtu yeyote kuvijua vyote. Mchuuzi wetu wa Bunda hahitaji kumsoma Hayek, maana aishi katika maneno yake kila siku.

Basi kwa alama ya kwanza yatupasa kukiri kwamba soko lina kitu kama ujuzi. Ndani yake mna habari ambazo hakuna karani, wala mfalme, wala mwalimu awezaye kuzikusanya zote. Anayelidharau soko kwa jambo hili amekosa, na baadaye tutaona alivyokosa.

Soko na kutaka

Tuje kwenye alama ya pili. Je, soko lina nia? Lataka kutulisha au lataka kutuua? Hapa inatupasa kurudi nyuma, kwenye siku ambazo nchi hii haikuwa na fedha za sarafu.

Kubadilishana mali ni jambo la kale sana kwetu. Watu wa ziwani walitoa samaki, watu wa bara wakatoa nafaka na mifugo. Wawindaji wa upande wa Serengeti, kama Waikoma na Wanata, walichukua mikia ya nyumbu mpaka Usukuma, ambako ilitakiwa kwa mapambo, nao wakarudi na vitu walivyovikosa kwao. Katika miaka ya neema biashara hiyo iliwafaa wote.

Kisha ikaja miaka ya 1890. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki ikaua ng'ombe makundi kwa makundi, na magonjwa ya watu na ukame yakafuata. Masimulizi ya wazee wa Mara yanaeleza jinsi watu walivyokwenda Usukuma kuhemea, yaani kutafuta chakula katika nchi ya wengine. Waliokuwa na kitu walikitoa. Na walipokwisha kutoa vyote, wako wazazi walioacha watoto wao kwa wenye nafaka, ili wengine waliobaki nyumbani wapate kula.

Tulitafakari jambo hili bila haraka. Siku zile bei ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, ile ile tuliyoisifu hapo juu. Ilieleza kwa usahihi kwamba chakula ni haba na mifugo imekwisha. Mwenye nafaka alijua thamani ya ghala lake. Lakini bei hiyo ilisikia sauti ya mtu mwenye kitu mkononi tu. Mama aliyefika mikono mitupu hakuhesabiwa kuwa na haja, ingawa haja yake ilikuwa kubwa kuliko ya wote. Katika hesabu ya soko mtu asiye na kitu cha kutoa ni kama hakuja.

Je, tuseme soko lilikuwa katili? Hapana. Katili ni yule anayeona machozi akayapuuza, nalo soko halioni machozi. Watu walio wengi wakati ule waliokolewa na mambo mengine: urafiki wa koo, undugu wa ndoa, wema wa mgeni aliyempokea mgeni. Mambo hayo yana nia ndani yake. Kuna mtu aliyetaka mwenzake aishi. Soko halikutaka hivyo, wala halikutaka kinyume chake. Kwa alama ya pili, basi, hatukuta kitu.

Soko na kujibu

Alama ya tatu ni kujibu, na hapo historia ya pamba yafundisha vizuri kuliko vitabu vingi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilikua sana katika Jimbo la Ziwa, ambalo Musoma ilikuwa wilaya yake moja. Mkulima alibeba pamba yake mpaka kwenye kituo cha kununulia, akaiweka kwenye mizani ya mnunuzi, akapewa fedha. Akilalamika kwamba fedha ni kidogo, aliambiwa kwamba ndivyo soko lilivyo. Lakini wakulima waligundua jambo. Mzigo uliopimwa nyumbani haukuwa na uzito ule ule ukipimwa kituoni. Bei ya pamba ilitoka mbali, kweli, lakini upungufu wa uzito ulitoka pale pale, mkononi mwa mtu aliyesimama kando ya mizani.

Mtu aliyeongoza kazi ya kuwaunganisha wakulima alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa wilaya ya Musoma mwaka 1925, mwana wa mhubiri wa Kisabato. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo, ili kila mzigo upimwe mara ya pili. Kutoka hapo wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kufikia mwaka 1960 Shirikisho hilo lilikuwa linanunua pamba yote ya nchi ya ziwani, na watu walilihesabu kuwa mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima.

Angalieni walichokifanya wakulima hao. Hawakupigana na soko la dunia, maana hawakuweza kuiamuru mvua ya Marekani wala viwanda vya Uingereza. Walitenganisha mambo mawili ambayo wengine walikuwa wameyachanganya kwa neno moja. Sehemu moja ya fedha yao ilikwenda kwa sababu zisizo na mwenyewe. Sehemu nyingine ilikwenda kwa sababu yenye jina, yenye mikono na yenye mizani. Ya kwanza waliivumilia. Ya pili waliiuliza maswali, nayo ikalazimika kujibu. Maandiko Matakatifu yanaonya mara nyingi juu ya mizani ya udanganyifu, wala hatusomi popote kwamba hatia ni ya mizani.

Hapa ndipo tuonapo hatari ya kuliita soko mtu. Ukisema, "Soko limeniibia," mwizi halisi hupita mlangoni akiwa amenyoosha mgongo, kwa sababu umemshitaki asiyekuwapo.

Amri mahali pa soko

Lakini tusije tukaishia hapo, tukadhani kwamba watu wakisimama mahali pa soko mambo yote huwa mema. Vyama vya ushirika navyo viliingiwa na magonjwa. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama hivyo na bodi za mazao, kwa kuwa malalamiko ya wakulima juu ya viongozi wao yalikuwa yamezidi. Mizani ilikuwa imebadili mikono, na jaribu la mizani likabaki lile lile.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwenye kuliongoza, Mwalimu Julius Nyerere, ni mwana wa Butiama, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliyeanza masomo yake katika shule ya Mwisenge hapo Musoma. Alikuwa ameliona vema lile tulilolieleza juu ya njaa, kwamba soko humsikia mwenye fedha na kumwacha asiye nazo. Mwaka 1969 alitoa kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare, akauita "Mabepari wa Venisi". Humo mkopeshaji anadai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake, kwa kuwa ndivyo mkataba ulivyoandikwa. Mkataba wa soko haukuwa na moyo wa kukataa kisu, na ilibidi watu waingilie kati.

Lakini kutoka katika ukweli huo Serikali ilikwenda mbali sana. Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Bei, kazi yake kupanga bei za bidhaa nyingi kwa nchi nzima. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mamlaka za mazao zikawa zinanunua moja kwa moja kutoka vijijini. Mwaka huo huo maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa, yakawekwa ya ushirika mahali pake. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, ukabaki hivyo mpaka mwaka 1983.

Matokeo yake wazee wengi wanayakumbuka. Bei iliyopangwa Dar es Salaam haikujua habari za mbalamwezi ya Musoma. Haikuweza kupanda kwa wiki moja na kushuka wiki ya pili, kama ilivyohitajika. Mkulima wa Bunda aliyeona kwamba pamba haimlipi kama chakula kimlipavyo, alipunguza pamba na kupanda mahindi, mtama na mihogo. Sabuni, sukari na nguo ziliadimika madukani, na foleni zikawa ndefu. Lakini usiku, upande wa Sirari, bidhaa zilivuka mpaka uliofungwa, na kila mtu alijua bei yake. Waliita magendo. Mwaka 1983 Serikali ilifanya vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wengi walikamatwa, na bado bidhaa hazikujaa madukani.

Mtu aweza kusema, "Tazama, soko lilikuwa hai! Lilifukuzwa mlangoni likaingia dirishani. Je, hiyo si akili?" Sisi twasema hapana. Waliovuka Sirari usiku walikuwa watu, kila mmoja na nia yake: huyu amtafutia mtoto sabuni, yule atafuta utajiri wa haraka. Hakuna soko lililowatuma. Jambo lililoshindwa wakati ule lilikuwa maarifa. Ofisi moja haikuweza kujua yale ambayo watu milioni kadhaa walikuwa wanayajua kipande kwa kipande. Hiyo ndiyo hasara ya mtu alidharauye soko, ambayo tuliahidi kuieleza.

Iko hasara nyingine tena, nayo tusomayo katika kitabu cha Mwanzo. Sote twampenda Yusufu aliyeweka akiba ya nafaka katika miaka saba ya neema. Lakini tusome habari hiyo mpaka mwisho. Katika njaa watu walitoa kwanza fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, hata nchi yote ikawa ya Farao. Ghala likiwa katika mkono mmoja, hata mkono wa mtu mwema, mwenye njaa hana mahali pengine pa kwenda.

Soko liliporudi

Mwaka 1984 vyama vikuu vya ushirika vilirudishwa, na mwaka 1994 wafanya biashara binafsi waliruhusiwa kununua pamba. Wanunuzi walikuwa wengi, na wakulima wengi walifurahi kulipwa fedha taslimu, maana walikuwa wamechoka kungojea malipo miezi na miezi. Kwa jambo hilo soko lilistahili sifa.

Lakini baada ya miaka michache mambo mengine yalionekana. Wanunuzi waligombania mizigo bila kuchagua safi na chafu, na watu wengine wakaanza kutia maji na mchanga ndani ya pamba ili iongezeke uzito. Aina za mbegu zilichanganyika. Mikopo ya dawa na pembejeo ilikuwa ngumu, kwa kuwa mkulima aliyekopeshwa na mnunuzi huyu aliweza kumwuzia pamba yake mnunuzi yule. Bei ya siku ile ilijua habari za siku ile. Habari za mbegu ya miaka mitano mbele haikuwa nazo, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeleta fedha yake mezani kwa ajili ya miaka hiyo. Basi tupunguze kidogo zile sifa tulizolipa soko kwa alama ya kwanza. Ujuzi wake ni mwingi katika mambo ya leo, na haba katika mambo ya kesho. Tangu msimu wa mwaka 2018 Serikali iliagiza pamba ipitie tena katika vyama vya ushirika vya msingi, na mabishano juu ya njia iliyo bora yangaliko.

Ziwani nako palikuwa na somo. Sangara, aliyetiwa katika ziwa letu katika miaka ya 1950 na 1960, alikuwa biashara kubwa miaka ya 1990, na viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na Musoma. Kisha nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia samaki wetu, mwaka 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na tena mwaka 1999 kwa habari za samaki waliovuliwa kwa sumu. Mialoni watu walisema, "Soko limefungwa." Lakini nani alifunga? Watu wenye ofisi na mihuri walifunga. Na kwa sababu gani ya pili? Kwa sababu watu wachache, wenye majina, walimwaga sumu majini usiku. Mvuvi mwaminifu aliyetumia wavu alipata hasara sawasawa na mwenye kutia sumu, kwa maana bei haikumtofautisha huyu na yule. Kumtofautisha kungekuwa kazi ya watu: wazee wa mwalo, maofisa wa uvuvi, na majirani waliojua yanayotendeka wakanyamaza.

Jibu letu

Sasa twaweza kujibu. Soko ni kama kichuguu. Kila mtu wa Mara amekiona kichuguu, kirefu kuliko mtu, chenye vyumba na njia za kupitisha hewa. Ukikitazama wadhani kuna fundi aliyekichora. Lakini hakuna mchwa hata mmoja ajuaye ramani yake. Kila mchwa hubeba punje yake ya udongo na kuifuata harufu iliyo mbele yake, na kichuguu chainuka. Vivyo hivyo soko hujenga kazi kubwa kutokana na mafungu madogo ya ujuzi wetu. Kazi hiyo yafanana na kazi ya akili, nasi tuiheshimu. Lakini ndani yake hakuna mwenye kutaka, wala mwenye kujibu.

Ila sisi si mchwa. Kila mtu abebaye punje katika soko la Musoma, la Bunda au la Butiama ana nia yake na dhamiri yake, na siku moja ataulizwa. Kwa hiyo tusiliombe soko huruma, maana halinayo, wala tusilitupie dhambi, maana haliwezi kuzichukua. Bei ikibadilika, tuulize kwanza inatuambia habari gani, kama mama yule wa dagaa. Kisha tuulize kama uko mkono wa mtu juu ya mizani. Na tukiisha kupata majibu hayo mawili, tuulize ni nani katika kijiji chetu amefika sokoni leo mikono mitupu, ambaye bei haikumwona. Huyo ni kazi yetu sisi.

Siku hizi twasikia wakisema kwamba hata mashine zina akili, na kwamba zitatuamulia mambo mengi. Yatupasa kuzipima kwa alama zile zile tatu, nasi tusisahau ile ya mwisho. Wazee wetu waliokwenda kuhemea hawakumbuki soko liliwatendea nini. Masimulizi yao yataja majina ya watu: fulani alitupokea, fulani alitufungia mlango.